Miswaki Saba Katika Chumba cha Watu Wanne: Kuwafuatilia Waliotangamana na Wagonjwa Vyuoni

   

 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza vyuoni. Mada hiyo ni bahari, nami leo nimechota kata moja tu: kazi ya kuwatafuta, kuwaorodhesha na kuwaangalia kila siku watu waliotangamana na mgonjwa, mpaka ijulikane nani ameambukizwa na nani yu salama. Kwa ufupi nitaiita ufuatiliaji. Nimeifanya kazi hiyo kwa miguu kabla sijaifundisha darasani.

Lengo langu ni moja. Nataka tutoke hapa tumekubaliana kwamba ufuatiliaji chuoni husimama au huanguka kwa sharti hili: mwanafunzi anayesema ukweli asipoteze kitu kwa kuusema. Maabara tunazihitaji, fedha tunazihitaji, lakini sharti hilo likikosekana tutakuwa tunapima watu wasio sahihi. Nina hoja tano. Urefu wake haulingani, na mkiniona nimekaa sana kwenye ya tatu mniwie radhi, maana ndiyo iliyonileta.

Hoja ya kwanza: chuo si mtaa

Afisa afya anapoingia mtaani huanza na kaya. Humwuliza mama mwenye nyumba wangapi hulala hapa, wangapi hula hapa, nani amesafiri, nani amekuja kutembea. Kwa maswali manne anakuwa ameshapata nusu ya orodha yake. Chuoni hakuna kaya. Mchukueni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Alfajiri yuko bafuni na wenzake wa ghorofa nzima, ndoo mkononi. Saa moja yuko kwenye foleni ya chai na chapati. Saa mbili yuko katika ukumbi wa watu mia nne, kabanana na mtu asiyemjua hata jina. Mchana yuko kwenye vimbweta chini ya mwembe, watu sita wameinamia kitini kimoja. Jioni ana kwaya au mpira, usiku ana diskasheni mpaka saa sita, kisha analala kitanda cha futi tatu na rafiki aliyekosa chumba. Ijumaa anapanda daladala kwenda kwa shangazi yake. Muhula ukifungwa, yeye na wenzake wanatawanyika kwa mabasi na meli: Mtwara, Kigoma, Mbeya, Mwanza, Unguja, Pemba.

Kila ugonjwa huchagua njia yake katika siku hiyo moja. Kipindupindu hufuata maji na chakula. Homa ya uti wa mgongo hufuata mate na pumzi za watu walio karibu sana. Kifua kikuu hupenda chumba ambacho dirisha halifunguliwi. Macho mekundu, ambayo mwanzoni mwa 2024 yaliwasumbua watu wa Dar es Salaam na wa Mombasa pia, hupita kwa mkono na kwa taulo. Kwa hiyo anayefuatilia lazima aujue ugonjwa kwanza, ndipo ajue aulize kuhusu saa ipi ya siku na kuhusu chombo gani.

Na kasi yake chuoni ni kubwa. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, Marekani, kilifungua madarasa tarehe 10 Agosti. Tarehe 17, siku 7 tu baadaye, uongozi ulitangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni. Ndani ya wiki hiyo wanafunzi 130 walikuwa wamekutwa na virusi vya korona, na makundi ya wagonjwa yalikuwa yamejitokeza kwenye makazi yao. Hicho ni chuo chenye maabara na fedha ambazo sisi hatuna. Wiki moja ilivitosha virusi.

Kwetu Tanzania, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikafungwa, keshokutwa vyuo, na vyuo havikufunguliwa mpaka tarehe 1 Juni. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya; wakati ule hakuna aliyeujua ugonjwa vizuri. Ninachosema ni kwamba kufunga chuo ambacho ugonjwa umeshaingia, bila kujua nani alikaa na nani, ni kuwapakia watu kwenye mabasi bila kujua wanachokwenda nacho nyumbani. Mwenye orodha anaweza kubaki na watu sitini na kuwaruhusu elfu tano waendelee na masomo. Asiye na orodha hana la kufanya isipokuwa kufunga geti.

Hoja ya pili: kazi hii imewahi kumaliza ugonjwa duniani

Vijana wengi walilisikia neno ufuatiliaji wakati wa korona wakadhani lilizaliwa wakati huo. Hapana. Mwezi Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege na wenzake walikuta ndui imelipuka na chanjo waliyonayo haiwatoshi watu wote. Wakaacha kuchanja kila mtu. Wakamtafuta kila mgonjwa, kisha wakawachanja waliomzunguka, kama mtu anayefyeka nyasi kuuzunguka moto. Ilifaulu, na baadaye dunia nzima ikafuata njia hiyo.

Mwaka 1977 moto huo ulibaki Somalia. Katika mji wa Merca, mpishi mmoja wa hospitali, Ali Maow Maalin, alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui ili kumwelekeza dereva njia. Alikaa humo dakika chache. Zilitosha. Alipougua, maofisa waliwatafuta watu 161 waliokutana naye, wakachanja na kuchunguza, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Maalin alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na miaka ya baadaye akazunguka akiwahimiza Wasomali wenzake kuwachanja watoto dhidi ya polio. Ninapenda sana kumtaja, kwa sababu orodha ile ya watu 161 ni kazi ya Waafrika waliotembea juani mlango kwa mlango.

Wengi hudhani habari ya ndui inaishia Merca. Inaishia chuoni. Mwaka 1978, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kulikuwa na maabara iliyohifadhi virusi vya ndui. Ghorofa ya juu yake alifanya kazi Janet Parker, mpiga picha wa chuo. Aliugua tarehe 11 Agosti. Vipele vyake vilidhaniwa kuwa vya kawaida, kwani nani angefikiria ndui katika mji ule? Ilipofika tarehe 24 ndipo madaktari wakatambua. Siku 13 zilikuwa zimepita, na katika siku hizo alikuwa ameshakutana na wenzake kazini, ndugu zake na wahudumu wa afya. Kazi ikaanza usiku uleule. Zaidi ya watu 500 waliorodheshwa, wakachanjwa na kuangaliwa. Parker alifariki tarehe 11 Septemba, na jinsi virusi vilivyomfikia inabishaniwa mpaka leo. Katika orodha ile ndefu mtu mmoja tu aliugua, naye ni mama yake mzazi, akapona. Baada yake hakuna mwingine. Mlipuko wa mwisho wa ndui duniani ulizimwa kwa orodha ya majina.

Sasa orodha hiyo hutengenezwaje? Kwanza ni hesabu ya siku. Kwa surua unarudi nyuma siku 4 kabla vipele havijatoka. Kwa matubwitubwi unarudi siku 2 kabla ya uvimbe, na unaendelea siku 5 mbele. Aliyetangamana na mgonjwa wa Ebola au Marburg anaangaliwa siku 21, asubuhi na jioni, kipimajoto mkononi. Kipindupindu hakijifichi mwilini zaidi ya siku 5. Kifua kikuu chaweza kujificha miezi, hata miaka.

Pili ni namna ya kuuliza, na hapa naomba wanafunzi wa afya mlioko safu ya kushoto mnisikilize kwa makini. Ukimwuliza kijana mwenye homa, “Ulikutana na nani?” atakujibu, “Sikukutana na mtu.” Hadanganyi. Kwake yeye mtu anayelala naye chumba kimoja si mtu wa kukutana naye. Mwulize hivi: “Juzi uliamkaje?” Kisha tembea naye polepole, saa baada ya saa. Mwombe afungue simu yake mwenyewe, aisome mwenyewe. Ujumbe wa M-Pesa utamkumbusha kwamba jioni ile alinunua chipsi na wenzake watatu. Picha itamkumbusha sherehe ya kuzaliwa. Jumbe za kundi la diskasheni zitamkumbusha ni nani aliyekuwapo na nani alitoa udhuru. Kalamu yako isikimbie kuliko kumbukumbu yake.

Tatu, usiulize tu aliowaambukiza. Uliza pia alipoambukizwa yeye. Magonjwa mengi hayasambai sawasawa. Wagonjwa wengi hawamwambukizi mtu, kisha mmoja anaambukiza watu kumi na tano katika chumba kimoja kwa usiku mmoja. Wajapani waliliona hilo mapema mwaka 2020, wakaelekeza nguvu kutafuta mahali penye vitu vitatu kwa pamoja: pamefungwa, pamejaa, na watu wanazungumza ana kwa ana. Chuoni mahali hapo mnapajua. Ukipapata, umepata watu kumi na tano kwa safari moja.

Hoja ya tatu: orodha haina maana kama watu wanaogopa

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado nafanya kazi halmashauri, niliitwa chuo fulani. Mwanafunzi wa kike alikuwa amegundulika ana kifua kikuu baada ya kukohoa wiki saba. Mlezi wa bweni, mama mchapakazi kwelikweli, alinipa karatasi ya chumba chake: majina manne, vitanda viwili vya juu na chini, kila kitu sawa. Tukaingia. Wasichana watatu walikuwa wamesimama kando ya vitanda kama wanafunzi wa sekondari wanaokaguliwa. Chumba kimefagiliwa. Chini ya kitanda kulikuwa na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Dirishani kulikuwa na kopo la plastiki la siagi, na ndani yake miswaki.

Niliihesabu. Ilikuwa saba. Nikaihesabu tena.

Nikauliza, “Mnalala wangapi humu, wanangu?” Wakajibu kwa pamoja, “Wanne, baba.” Macho yao hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa mama mlezi aliyesimama nyuma yangu na daftari lake kwapani.

Nikamwomba mama atupishe kidogo. Nikalivuta lile godoro, nikalikalia, nikawa chini kuliko wao. Nikawaambia: “Mimi si mtu wa malazi. Daftari langu hili linatoka hapa kwenda hospitali. Haliendi ofisi nyingine.” Kimya. Nje mtu alikuwa anafua, tukawa tunasikia maji. Mwishowe mdogo wao akasema, “Mmoja yuko kwenye kipindi. Na wawili huwa wanakuja usiku tu.”

Nilirudi usiku. Kati ya wale watatu wasio na jina kwenye karatasi, mmoja alikuwa amekohoa mwezi mzima na kulowa jasho usiku, na hakwenda zahanati ya chuo kwa sababu pale huulizwa namba ya chumba. Makohozi yake yalikuwa na vimelea. Alianza dawa wiki ileile, akameza miezi sita, akapona. Ningefuata karatasi ya malazi, binti yule angeendelea kukohoa katika chumba kile, na kila mwaka wenzake wangekuwa wanaambukizwa bila kujua chanzo.

Hapo ningependa kusema kisa kimeisha vizuri. Hakikuisha vizuri. Wiki mbili baadaye uongozi wa bweni ulipata habari, na wale watatu wakaamriwa watoke, mgonjwa akiwa mmoja wao, dawa zake mkobani. Sikujua nani alitoa habari. Huenda ni mimi, kwa kuonekana nikirudi usiku. Muhula uliofuata niliitwa chuo kilekile kwa ugonjwa mwingine. Niliingia vyumba kumi na moja. Madirisha yote yalikuwa matupu. Hapakuwa na kopo, hapakuwa na mswaki hata mmoja wa kuhesabu.

Ndugu zangu, kubebana, yaani kumlaza chumbani mwenzako aliyekosa kitanda, mnakufahamu nyote, na walezi wa mabweni mnakufahamu kuliko mimi. Sikuja kukutetea wala kukulaani. Kubebana kupo kwa sababu vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, na mwana wa mkulima aliyekosa chumba hatarudi kwao Sumbawanga kwa sababu hiyo. Lakini tazameni: karibu kila mahali ugonjwa unapopita chuoni pana kosa fulani la nidhamu. Anayebebwa. Jiko la umeme lililofichwa kabatini, ambalo watu wanane hula kwenye sufuria yake. Mpenzi wa siri. Safari ya mjini bila ruhusa. Tukimwuliza mwanafunzi ukweli juu ya maambukizi tunamtaka, kwa wakati uleule, akiri makosa hayo. Akijua kwamba anayeuliza na anayeadhibu ni mtu mmoja, au ni majirani wanaopeana karatasi, atanyamaza. Ningekuwa yeye ningenyamaza.

Aibu nayo hufunga midomo. Niliwahi kuona kwa macho yangu orodha ya majina imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na juu yake pameandikwa “washukiwa”. Neno hilo ni la polisi. Mtu aliyekaa karibu na mgonjwa hashukiwi kosa lolote. Machi 2020 wanafunzi wa chuo kimoja cha Kyoto, Japani, walirudi kutoka Ulaya, wakahudhuria sherehe, na kundi kubwa la wagonjwa likatokea. Chuo kikapigiwa simu za vitisho, na vijana wa chuo hicho wakakataliwa kazi zao za muda hata wale ambao hawakusafiri. Jiwekeni katika nafasi ya mwanafunzi mwingine ambaye siku hiyo ana homa kidogo, halafu anasikia habari hizo redioni. Atakwenda kupima?

Sheria iko upande wetu hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa juu. Kubandika jina la mgonjwa ubaoni si ukosefu wa adabu tu. Ni kuvunja sheria ya nchi.

Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi wa chuo ni hili. Toeni tamko la maandishi, lisainiwe na Makamu Mkuu mwenyewe, libandikwe kila bweni: kwamba jambo lolote mwanafunzi atakalomwambia mfuatiliaji halitatumika kumwadhibu yeye wala mwenzake, kwamba orodha itakaa zahanati na haitafika ofisi ya malazi wala ya nidhamu, na kwamba ikishapita miezi kadhaa baada ya mlipuko itateketezwa. Kisha mlitimize. Tamko lisilotimizwa mara moja ni baya kuliko kutokuwa na tamko, na mimi nimeyaona madirisha matupu.

Hoja ya nne: simu husaidia, miguu ndiyo hufika

Hii nitaipita haraka. Mara kwa mara vijana wetu wa teknolojia huniletea programu za simu za kurekodi nani alikaribiana na nani. Nawapongeza. Lakini wajifunze kwa Singapore. Machi 2020 nchi ile ilitoa programu inayoitwa TraceTogether, na wananchi wakaambiwa taarifa zake ni za kupambana na ugonjwa tu. Januari 2021 ikajulikana kwamba polisi nao wangeweza kuzitumia katika upelelezi wa jinai. Watu walikasirika, Serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuyawekea mipaka matumizi hayo. Ni hoja yangu ya tatu ileile, imevaa nguo za kisasa.

Kwa upande mwingine tazameni Nigeria 2014. Abiria mmoja alishuka Lagos tarehe 20 Julai akiwa na Ebola, katika jiji la mamilioni ya watu. Dunia ikashika kichwa. Walioorodheshwa kuwa walitangamana na wagonjwa walikuwa 894, na wafuatiliaji waliwatembelea uso kwa uso mara 18,500 hivi. Wagonjwa waliishia 20, waliofariki 8, na tarehe 20 Oktoba nchi ikatangazwa huru. Nasi hapa nyumbani, Kagera, Machi 2023: Marburg iliwapata watu 9, ikaua 6, na zaidi ya watu 200 waliotangamana nao walifuatiliwa mpaka ugonjwa ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kukutana na ugonjwa ule. Kazi iliyofanyika Bukoba Vijijini ilistahili nyimbo.

Hoja ya tano: aliyetengwa ale, asome, na asisahauliwe

Tuseme chuo chetu kimepata wagonjwa 10 wa ugonjwa unaohitaji uangalizi wa siku 21, na kila mmoja ametangamana na watu 12. Hao ni watu 120. Kila mmoja apigiwe simu au atembelewe mara mbili kwa siku: ni mara 5,040. Zahanati ya chuo ina wauguzi wangapi? Namwona Muuguzi Mkuu anatabasamu, anajua jibu. Bila wafuatiliaji wa kujitolea waliofundishwa kabla, kazi hiyo haifanyiki. Pendekezo langu ni wanafunzi wa afya na ustawi wa jamii, wale wa kozi tofauti na ya mgonjwa, wakila kiapo cha siri. Nisingependa wawe viongozi wa mabweni wala wa madarasa. Ni vijana wazuri, lakini tayari wana mamlaka juu ya wenzao, na mamlaka huharibu mazungumzo haya.

Na ikifika mahali wagonjwa ni wengi kuliko wanaopiga simu, tuseme wazi kwamba hatuwezi kuwafuata wote. Hapo nguvu zielekezwe kwa walio hatarini zaidi: wajawazito, wenye pumu, selimundu, kisukari, wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Wengine wapewe maelekezo ya jumla. Kujifanya tunaendelea na kila jina wakati hatuwezi ni kudanganya chuo kizima.

Sasa mfikirieni huyo mmoja kati ya 120. Ana miaka 21. Bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, halijaingia. Ana testi Jumatano. Anaambiwa asitoke chumbani wiki tatu. Asiyemletea chakula amemwamuru atoke kwa mlango wa nyuma, na atatoka. Nimewafuata watu wengi waliokimbia karantini, na sikumbuki aliyekimbia kwa ukaidi mtupu. Mmoja alikwenda kukamua ng'ombe. Mwingine alikwenda kuuza nyanya zilizokuwa zinaoza. Mwanafunzi atakwenda kufanya testi, kwa sababu anaogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni, kuliko anavyoogopa homa.

Seneti ya chuo ina uwezo wa kuliondoa hilo kwa azimio la ukurasa mmoja: anayeangaliwa na zahanati anahesabiwa kuwa yupo masomoni, testi yake atapewa akitoka, na haitaitwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Kafteria itenge sahani zake. Kiongozi wa dini yake ampigie simu. Wahadhiri wenzangu, nanyi msimwombe mwanafunzi huyo akuleteeni cheti kinachotaja ugonjwa wake; barua ya zahanati inayosema “alikuwa chini ya uangalizi” inatosha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona karatasi yako ya dakika; nahitimisha.

Nchi yetu ilikutana na Marburg kwa mara ya pili Januari 2025, Biharamulo. Rwanda walikuwa nayo miezi michache kabla, Septemba 2024, na wengi walioambukizwa kule walikuwa wahudumu wa afya. Uganda, walipopambana na Ebola mwaka 2022, walilazimika kufunga shule wiki mbili kabla ya muda. Mabasi yanatuunganisha na Kigali, Kampala na Bujumbura, na katika ukumbi huu wapo vijana wanaotoka kote huko. Ugonjwa mwingine utakuja chuoni, na hautasubiri tumalize kuandika mwongozo.

Kwa hiyo nayaacha mambo matatu mezani, yafanyike kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti. Makamu Mkuu, tamko. Seneti, azimio la testi. Serikali ya wanafunzi, leteni majina thelathini ya wanaojitolea, nami nitakuja kuwafundisha kwa siku tatu bila malipo. Na kwa kila mwenye chumba: namba ya Wizara ya Afya ni 199, kupiga ni bure. Iandikeni nyuma ya mlango, ili waisome wote wanaolala humo, walioandikwa kwenye karatasi ya malazi na wasioandikwa.